Dawa ya Moto ni Moto

Mkulima wa korosho wa Mtwara hakuanza vita leo. Ubwiri unga ulipoingia mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970, ulilikuta zao lenyewe limekwisha kuyumba. Nchi iliyovuna takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 ilivuna chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Maradhi hayo hayakuwa sababu pekee, lakini yalikuwa miongoni mwa zile kubwa. Tukayakabili kwa salfa, na hadi leo salfa ndiyo silaha yetu.

Adui wa sasa hapigwi kwa silaha hiyo. Mnyauko fusari, ulioonekana mwaka 2012 katika Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani, na baadaye huku Kusini, hauletwi na upepo juu ya maua. Ni kuvu wa ardhini. Huingia kwa mizizi, hupanda shinani na kuziba mirija ya maji, hata mti ukakauka ukiwa umesimama. Mkulima hupulizia majani, kumbe adui yuko chini ya miguu yake. Na mti ukifa, kuvu huyo hubaki udongoni miaka mingi akingoja mche mwingine.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Udongo huo huo una kuvu wema. Mmoja wao, trikoderma, huizingira mizizi, hunyang'anya adui chakula na nafasi, humzonga na kuyeyusha ngozi yake. Wapo pia bakteria wa jamii ya basilasi wanaotoa sumu ya kuwazuia kuvu waharibifu. Viumbe hawa huweza kukuzwa juu ya nafaka, kisha wakachanganywa na samadi au mboji. Jirani zetu wa Kenya wamekuwa wakitengeneza na kuuza trikoderma kwa wakulima wa maua na mboga.

Hata hivyo, tusidanganyane. Trikoderma ni mlinzi, si mfufuaji. Mkorosho uliokwisha kunyauka hautauponya. Kazi yake inaanzia kitaluni, mche ungali mchanga. Kwa hiyo tunasema wazi: haifai Serikali na Bodi ya Korosho kugawa miche kwa maelfu bila kuuliza imekuzwa katika udongo gani. Kituo cha utafiti cha Naliendele kipewe fedha za kutosha kuwatafuta walinzi hawa katika udongo wetu wenyewe na kuwajaribu katika mashamba ya wakulima, si katika chupa za maabara tu. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu nayo ihakikishe kwamba kila mfuko utakaouzwa una viumbe hai. Viumbe hawa hufa kwa jua na kwa kukaa ghalani. Mkulima asiuziwe vumbi kwa bei ya dawa.

Wananchi nao wana wajibu. Jembe na panga lililotumika shamba lenye ugonjwa lisafishwe kabla ya kuingia shamba jingine. Mti uliokufa usiburutwe kijiji kizima. Dalili zikionekana, bwana shamba aitwe siku hiyo hiyo, naye afike, asitume salamu.

Ndugu zetu wa visiwani wana neema ambayo wengine hawana: maji ni boma lao. Lakini boma hilo hubomolewa na mche mmoja unaovushwa kwa mashua bila kukaguliwa, ukiwa na udongo wake. Baada ya hapo bahari haisaidii kitu.

Mkorosho ni karo ya mtoto, ni bati la nyumba, ni urithi wa mjukuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, kazi iliyobaki ni kuuziba.