Ndugu Mkubwa Naye Aingie Ndani

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la shule nipate kutoa maoni yangu juu ya rehema. Neno hili sisi Wakristo twalisikia kila Jumapili, hata masikio yamelizoea. Lakini mtu akituuliza rehema huonekana wapi, wengi wetu twaweza kukosa la kumjibu. Nami naona jibu limo katika mfano mmoja tunaoujua sote, ila mara nyingi twaukatiza kabla haujafika mwisho.

Mfano huo ni ule wa mwana mpotevu, katika Injili ya Luka, sura ya 15. Sura yenyewe yaanza kwa manung'uniko. Mafarisayo na waandishi walimlaumu Yesu kwa kuwa aliwakaribisha wenye dhambi na kula nao. Akawajibu kwa mifano mitatu: kondoo mmoja aliyepotea katika 100, shilingi moja katika 10, na mwana mmoja katika wawili. Twamkumbuka vizuri yule kijana aliyetapanya mali, akaishia kulisha nguruwe. Twamkumbuka na baba, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyekimbia njiani kumlaki, akamvika joho, pete na viatu. Kijana alitaka kuomba kazi ya kibarua. Baba akamrudishia uwana wake. Hiyo ndiyo rehema ya Mungu. Haipimi kwanza, bali hukimbia kwanza.

Hapo ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu. Kumbe habari haijaisha. Yuko ndugu mkubwa, aliyetoka shambani jioni, akasikia ngoma, akakataa kuingia. Huyu hakuwa mwovu. Alikuwa mtiifu, mchapa kazi, asiyetoroka hata siku moja. Kwa lugha ya shuleni tungesema ni mwanafunzi wa mfano. Lakini alipomsema yule aliyerudi hakumwita ndugu yake. Alimwita mwana wa baba yake tu. Hilo lilikuwa kosa lake: alibaki nyumbani miaka yote, lakini hakujifunza moyo wa mwenye nyumba.

Basi, wasomaji wapenzi, nasema haya kwa sababu ya jambo lililo mbele yetu. Katika nchi yetu ya Tanzania, kwa miaka mingi binti aliyepata mimba alifukuzwa shule, na masomo yake yakaishia hapo. Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, pamoja na hao waliojifungua, waruhusiwe kurudi. Lango likafunguliwa. Lakini waraka wa serikali hufika langoni tu; hauwezi kuketi na mtu dawatini. Darasani ni juu yetu.

Nasi mara nyingi twafanyaje? Binti akirudi, minong'ono huanza kabla hajaketi. Wengine huvuta madawati yao pembeni. Wengine humwita "Mama Fulani". Jina hilo kule nyumbani ni la heshima kwa kila mwanamke aliyezaa, lakini darasani huwa mwiba. Waliotoa jina hilo huenda ndio wanaoongoza nyimbo Jumapili. Hao ndio ndugu wakubwa wa siku hizi, wamesimama uani na mikono wameikunja.

Tena yafaa tuseme kweli. Binti huyu si sawasawa na mwana mpotevu. Yule aliondoka kwa hiari yake na fedha mkononi. Huyu mara nyingi alidanganywa, au alilazimishwa, na mtu mzima aliyepaswa kumlinda. Ndiyo maana sheria yetu, tangu mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayempa mimba mwanafunzi. Ikiwa baba alimpokea kwa mikono miwili mwenye kosa, sembuse sisi kumpokea aliyekosewa?

Najua wako wanaosema kuwa rehema ya namna hii italegeza nidhamu, na mabinti wengine wataiga. Sidhani. Hakuna mtu aliyemwona yule kijana zizini kwa nguruwe akamwonea wivu. Hali kadhalika, hakuna anayetamani kuamka alfajiri, amnyonyeshe mtoto, amwache kwa bibi yake, kisha atembee kwenda shule kukabili hesabu za mwaka aliokosa. Nidhamu yake tayari ni kubwa kuliko ya wengi wetu tulalao hadi kengele.

Wengine husema si haki kwa waliojitunza. Lakini ndugu mkubwa alipunguziwa nini? Baba alimwambia kwamba vyote vilivyosalia ni vyake. Nasi tukimpokea mwenzetu, hakuna alama hata moja itakayotoka katika mtihani wetu ikaingia katika wake.

Basi tufanye nini? Mambo madogo yatosha. Tumpe madaftari anakili aliyoyakosa. Tuketi naye jioni kwa jometri. Tumwite kwa jina lililo katika daftari la mahudhurio. Walimu wetu, tunawaomba msifanye habari zake kuwa mfano wa kuonya wengine mstarini. Nanyi wazazi, msimhesabie kila siku fedha mlizopoteza. Baba wa mfano ule alipoteza fungu zima, na hakulitaja hata mara moja.

Mimi ni Mkristo, nami nimesema kwa Wakristo wenzangu. Lakini wenzetu Waislamu nao huanza kazi yao kwa kumtaja Mungu kuwa Mwingi wa rehema, kwa hiyo sioni mtu wa kujitoa katika jambo hili.

Mwisho, angalieni neno moja. Luka hakutuambia kama yule ndugu mkubwa aliingia ndani au alibaki uani. Baba alitoka nje akamsihi, na habari ikaishia hapo. Nadhani iliachwa hivyo makusudi, ili kila asomaye ajijibie mwenyewe. Muhula ujao watakuja wengine waliorudi. Tuwape nafasi dawatini.