HISTORIA YA KOMPYUTA TUITUNZE WENYEWE

Katika msimu wa korosho wa 2024 minada ya zao letu ilianza kuendeshwa kwa mtandao wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima wa Masasi na wa Newala sasa anangoja bei kutoka katika mtambo asiouona. Hapa Lisekese jambo hili limezungumzwa sana barazani. Siku moja kijana mmoja aliwaambia wazee kwamba hawawezi kulielewa, maana kompyuta imeingia nchini juzi tu, pamoja na simu za mkononi. Wazee wakanyamaza. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Kijana yule hakukusudia kusema uongo. Hakufundishwa, na kosa hilo ni letu sote.

Ukweli ni huu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, Uhuru ukiwa bado mchanga. Mitambo ya siku zile ilikuwa mikubwa ya kujaza chumba, nayo ililishwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu. Mwaka 1974 Serikali ikatoa amri ya kuzuia kompyuta zisiingizwe nchini ila kwa kibali. Hesabu zilizotarajiwa kunyooshwa na mitambo zilikuwa zimevurugika. Wataalamu wengi walikuwa wageni. Fedha za kigeni zilikuwa haba, mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu 1973, na ukame ulikuwa umetuandama. Milango haikufunguka sawasawa mpaka miaka ya 1990.

Mwaka 2003, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa hapa Masasi, nchi ikapata sera yake ya kwanza ya mambo haya. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili. Hiyo ni historia ya watu wazima, yenye kujaribu, kushindwa, kuamua na kujaribu tena.

Ndugu wananchi, sisi wa uwanda huu tunajua historia inavyopotea. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti na nyingine ya kupiga picha za sinema. Alinasa nyimbo na ngoma za wazee wetu, akakusanya vinyago na vyombo, akavipeleka Ujerumani. Leo mjukuu wa Mmakonde au wa Myao akitaka kuvijua vitu vile hana budi kuulizia Leipzig. Siku zile tulikuwa chini ya bunduki, hatukuulizwa. Lakini historia ya mitambo yetu wenyewe ikitupotea leo, tutamlaumu nani?

Hata wakubwa wa dunia walipotea njia. Waingereza walitengeneza mitambo iitwayo Colossus wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kusoma siri za Wajerumani. Vita vilipokwisha waliivunja karibu yote kwa ajili ya usiri. Baadaye walipotaka kuionyesha kwa watoto wao ikabidi waijenge upya huko Bletchley Park kwa kutumia picha chache na kumbukumbu za wazee, kazi iliyokamilika mwaka 2007. Wao walibahatika kuwakuta wazee wakiwa hai. Aliyekuwa na miaka ishirini alipoanza kazi ya kompyuta mwaka 1965 sasa amepita themanini.

Wapo watakaosema kwamba amri ya 1974 ni aibu, tuifunike. Siafiki hata kidogo. Wengine huicheka kama ujinga wa wazee, na wengine huisifu kama ushujaa mtupu. Wote wanasema bila ushahidi mkononi. Iwekwe amri yenyewe mezani, na hesabu za gharama, na maneno ya waliokuwapo. Kisha vijana waamue wenyewe. Taifa linaloficha makosa yake litayanunua tena kwa bei kubwa zaidi.

Basi tufanye nini? Kwanza, waliotoboa kadi na kuendesha mitambo ile waulizwe sasa, na sauti zao zihifadhiwe na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Pili, ofisi zikome kuuza mashine za zamani kama vyuma chakavu kabla Makumbusho ya Taifa hayajaangalia lipi la kutunza. Tatu, maonyesho yasibaki Dar es Salaam. Yaletwe katika shule za sekondari za Masasi na Newala, kwa Kiswahili, na mtoto aruhusiwe kuishika kadi ile kwa mkono wake. Pembeni yake iwekwe mizani ya chama cha msingi, na stakabadhi, na daftari la karani, ili aone kwamba kuhesabu mali yetu hakukuanza na kompyuta.

Mkulima anayejua kwamba mtambo uliwahi kuishinda Wizara nzima hatauogopa, wala hatauabudu. Atauliza bei imepatikanaje, na atadai ajibiwe. Huo ndio Uhuru wenyewe.