Majalada ya Vogue: Sura Zimeizidi Nguo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache juu ya majalada ya Vogue la Marekani, jarida la mitindo ambalo tangu lilipoasisiwa New York mwaka 1892 limewafunza wengi kutazama vazi kwa jicho la sanaa. Kwa muda mrefu jalada lake lilikuwa kazi ya wachoraji. Na hata kwa jalada la Julai 1932, mpiga picha Edward Steichen alipompiga picha ya rangi mwanamke aliyevaa vazi la kuogelea akiinua mpira juu ya kichwa, sanaa haikufukuzwa, bali ilipewa ala mpya.

Sikatai kwamba Anna Wintour, alipoanza uhariri wake mwaka 1988 kwa kumvika mwanamitindo Michaela Bercu, kwenye jalada, koti la fahari la Christian Lacroix pamoja na suruali ya jinzi, alileta uhai. Wala sistaajabu kwamba waigizaji na waimbaji baadaye waliwatangulia wanamitindo, maana biashara ina kanuni zake. Lakini umashuhuri ulipofanywa dira, nguo, ambayo ndiyo asili ya jarida, iligeuka tarishi wa sura.

Njia nyingine ipo: Vogue la Italia, Januari 2020, lilitoa majalada yaliyochorwa kwa mikono ya wasanii, na heshima yake haikupungua. Rai yangu, basi, ni kwamba wahariri wa Marekani nao wampe mchoraji jalada moja kila mwaka.

Wako mtiifu,
Msomaji