Mpira na Kitabu

Bahari ikipwa jioni, vijana wa Shanzu hushuka ufuoni na mpira. Magoli yao ni makubazi mawili upande huu na makubazi mawili upande ule. Hawana viatu, hawana refa, wala hawana saa. Mchezo huanza kwa kelele na huisha kwa giza. Aghalabu miongoni mwao huwapo mmoja ambaye mpira humtii kama mbuzi amtiivyo mchungaji wake. Akiupata, wenzake hunyamaza, akiupoteza, hushangaa. Kijana wa namna hiyo hakosi kuonekana. Ataonekana na mwalimu, ataonekana na jirani, na siku moja ataonekana na mgeni asimamaye kando, simu mkononi, ajiitaye mtafuta vipaji.

Mgeni huyo, na wengi wamwaminio, wana shauri moja: kipaji hakingoji, kijana na aiache shule, aufuate mpira. Shauri hili nalipinga. Nalipinga kwa sababu ni baya kwa kijana, baya kwa mzazi wake, na baya kwa mpira wenyewe. Tena nisemapo kijana nakusudia wa kiume na wa kike pia, maana siku hizi wote wawili huchezea, na wote wawili hudanganywa.

Si haki kumpinga mtu kabla ya kumsikiliza. Walishikao shauri hili wana hoja tatu. Ya kwanza, ujana ni mfupi na kitabu ni kirefu. Miguu ya leo haitakuwapo kesho. Ya pili, Ulaya huwachukua wachezaji wangali watoto, kwa hiyo achelewaye huachwa. Ya tatu, nyumba nyingi zetu ni za wavuvi, wagema na watumishi wa hoteli, na mpira ni mlango ambao maskini aweza kuupita bila cheti. Hoja hizi zina uzito, nami nitazijibu moja moja. Lakini kwanza natazama nchi ya mbali iliyokwisha kulijaribu jambo lenyewe.

Nchi hiyo ni Japani. Naichagua kwa kuwa si zamani sana ilikuwa nyuma katika kandanda. Ligi yake ya wachezaji wa kulipwa ilianza mwaka 1993, na Kombe la Dunia ililicheza kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Hata hivyo mwaka 2022, huko Qatar, iliwashinda Ujerumani na Hispania, mataifa yaliyokwisha kulitwaa kombe hilo. Watu waliopanda hivyo huwatafuta wapi vijana wao? Klabu zao zina timu za watoto, ni kweli. Lakini watafuta vipaji wao huketi pia katika viwanja vya shule. Mashindano ya shule zao za sekondari yana umri wa zaidi ya miaka 100, na fainali yake huchezwa Januari mbele ya umati mkubwa.

Faida ya desturi hiyo yaonekana kwa wale waliokataliwa. Shunsuke Nakamura alipokuwa mdogo klabu ya Yokohama haikumpandisha katika timu yake ya vijana. Aliingia shule ya sekondari, akachezea timu ya shule, akakua, na klabu ile ile ikamrudia. Baadaye akawa nyota wa Celtic ya Uskoti. Keisuke Honda naye aliachwa na klabu ya Gamba Osaka. Akaenda kusoma na kucheza katika shule ya Seiryo, kisha akafunga magoli katika Makombe ya Dunia matatu, ya 2010, 2014 na 2018. Lau shule isingalikuwapo, jicho la mtafuta vipaji lililokosea mara moja lingalikuwa limewazika vijana hawa wawili wangali hai. Jicho la mtu hukosea. Shule humpa kijana siku ya pili ya kutazamwa.

Kaoru Mitoma ni ajabu zaidi. Huyu hakukataliwa, alipokuwa na miaka 18 klabu ya Kawasaki Frontale, iliyomlea tangu utotoni, ilimwita katika timu yake kubwa. Yeye akachagua kwanza Chuo Kikuu cha Tsukuba, na huko akaandika utafiti juu ya ufundi wa kumpita mpinzani kwa chenga. Je, kipaji kilimngoja? Kilimngoja. Aliingia ligi ya Japani mwaka 2020, akasajiliwa na Brighton ya Uingereza mwaka 2021, na katika ushindi ule juu ya Hispania ni yeye aliyeurudisha mpira kutoka mstarini, likapatikana goli la pili.

Atakayesema kuwa hayo ni ya Wajapani, si yetu, namkumbusha Michael Olunga. Mkenya huyu alikwenda Japani kuichezea Kashiwa Reysol. Mwaka 2019 alifunga magoli 8 katika mchezo mmoja, na mwaka 2020 alifunga 28 katika ligi kuu, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mwaka. Mtu huyu hakuokotwa njiani. Aliichezea timu ya Shule ya Upper Hill ya Nairobi, na baadaye alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya. Kitabu hakikumfunga miguu.

Sasa nazijibu hoja. Wasema ujana ni mfupi. Vema; na kwa kuwa ni mfupi, uzee wa mchezaji huanza mapema kuliko uzee wa fundi au mwalimu. Mchezaji wa miaka 35 ni mzee uwanjani, bali nyumbani ni kijana mwenye watoto wadogo. Tena goti moja likivunjika, ujana huisha siku hiyo hiyo. Ufupi wa ujana ni sababu ya kushika kitabu, si sababu ya kukitupa.

Wasema Ulaya huchukua watoto. Hapo zamani ilikuwa rahisi. Leo ni marufuku. Sheria ya FIFA, yaani Shirikisho la Kandanda la Dunia, hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhamia huko kwa jambo lisilohusu kandanda. Takefusa Kubo, mtoto wa Kijapani, alichukuliwa na Barcelona mwaka 2011. Klabu ile ikaadhibiwa kwa kuivunja sheria hiyo, na mwaka 2015 mtoto akarudi kwao. Ikiwa Barcelona yenyewe haikuweza kuikwepa sheria, mgeni wa ufuoni ataikwepa kwa hila gani? Amwahidiye mtoto wa miaka 15 klabu ya Ulaya ama hajui sheria, ama aijua na anadanganya.

Imebaki hoja ya umaskini, nayo ndiyo nzito. Siwezi kumwambia mgema kuwa fedha si kitu. Lakini hebu tuitazame njia ya fedha yenyewe. Wakala halali hufanya mtihani, hupewa leseni, na jina lake huwekwa wazi kwa atakaye kulitazama. Naye hawezi kumwendea mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi. Mjanja hutoza ada ya majaribio, nauli na pasipoti, mpaka baba auze shamba lake. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kadhalika, mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei yake hugawiwa klabu zilizomfunza tangu msimu wa miaka 12 mpaka wa miaka 23. Lakini hugawiwa klabu ambazo jina la kijana liliandikwa kwao. Klabu ndogo ya Kisauni isiyoandika majina yaweza kumlea nyota na isipate hata bei ya mpira mmoja. Kumbe hata hapa, penye fedha za mpira, kitabu ndicho kilipacho.

Wala lawama si ya mjanja peke yake. Ziko shule zinazomwona mchezaji kama mpotevu, zikamnyima uwanja. Ziko nyingine zinazomchukua kwa ajili ya mashindano tu; kombe likiisha, hapana aulizaye kama aliyasoma masomo yaliyompita. Ya kwanza humfukuza kijana kwa fimbo, ya pili kwa kumsahau. Zote mbili humwacha mikononi mwa yule mgeni. Mwalimu ampendaye mchezaji wake na amwekee saa ya mazoezi na saa ya kulipa masomo, na jina lake aliandike katika daftari la klabu.

Pwani haikosi damu ya kandanda. Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya. Tukosacho ni subira na utaratibu.

Ninyi msomao maneno haya, huenda mmoja wenu ndiye yule ambaye mpira humtii. Siku mgeni akikusifu, mshukuru, kisha umwulize maneno matatu mbele ya mzazi na mwalimu wako: leseni yako iko wapi? Nani atalipa? Na shule yangu itakuwaje? Mwenye nia njema atajibu yote matatu bila kukasirika. Mwingine ataitazama simu yake na kusema ana haraka. Mwache aende. Kesho bahari itapwa tena. Asubuhi nenda darasani, na jioni shuka ufuoni ukacheze.