Tunamshukuru Mungu kwa Lipi?



Matokeo ya mtihani wa Serikali yametoka, na wafinalisti wa shule zetu wanaandaa Misa ya shukrani. Nyimbo zimekwisha kuchaguliwa, kitambaa cha sare kimenunuliwa, na mmoja wao amepewa kazi ya kuandika hotuba ya kukumbuka miaka ya masomo. Hotuba za namna hiyo tumezisikia miaka mingi, hata tungeweza kuzisema bila karatasi. Zinaanza na siku ile mtoto alipovaa kwa mara ya kwanza shati jeupe na suruali ya bluu. Zinamtaja mwalimu wa hesabu aliyekuwa mkali, zinachekesha kidogo juu ya maki, ile nyumba ambamo wafinalisti hulala pamoja majuma kadhaa wakijitayarisha, kisha zinafikia asilimia: huyu amepata 58, yule 64, Mungu ni mwema! Vigelegele vinapigwa, na poda nyeupe inarushwa vichwani mpaka uwanja wa kanisa unafanana na kinu cha unga.

Hatuna ugomvi na furaha. Kijana aliyemaliza shule katika nchi yetu, katikati ya vita, migomo ya walimu na njaa ya nyumbani, ana haki ya kuimba. Hata poda tunaivumilia, ingawa mama anayefagia kanisa ana maoni mengine. Ugomvi wetu ni na hotuba. Tunasema bila kuficha kwamba hotuba nyingi za siku hiyo si za kweli, na zinasomwa hatua chache tu kutoka altareni.

Kwanza, zinasema: sisi tulioanza pamoja tumefika pamoja. Ni nani aliyefika? Darasa lililoingia mwaka wa saba lilikuwa la kubanana, watatu watatu kwenye benchi. Darasa lililotoka mwaka wa nne wa humanite, ule ambao wazazi bado wanauita wa sita, lilikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Kati ya miaka hiyo kuna watu waliopotea njiani, na hotuba haiwataji. Kuna msichana aliyefukuzwa kwa sababu ya mimba, hali mvulana aliyempa mimba hiyo ataketi safu ya mbele akiwa na koti jipya. Kuna yule aliyerudishwa nyumbani kila mwezi kwa ajili ya malipo ya masomo, mpaka akachoka na njia yenyewe. Kuna waliokwenda kuchimba madini, na kuna waliokimbia na wazazi wao usiku mmoja, na jina lao likafutwa kwenye rejista kama kosa la wino.

Tunajua mzigo huu umetoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walikubali kutoa ile primu ili shule zisifungwe. Ilikuwa dawa ya muda. Ikawa chakula cha kila siku. Tangu Septemba 2019 elimu ya shule za msingi imetangazwa kuwa ya bure, na tunalifurahia jambo hilo. Lakini humanite bado zinalipwa na mama anayeuza ndizi. Kwa hiyo orodha ya waliofika si orodha ya wenye akili peke yao. Mara nyingi ni orodha ya wale ambao mama yao hakuugua katika miaka ile. Shukrani isiyolijua hilo inafanana na sala ya yule Mfarisayo aliyesimama hekaluni akimshukuru Mungu kwamba yeye si kama wengine.

Kisha kuna asilimia zenyewe. Hapa tutasema kwa uchungu zaidi, maana wengi wetu tunaoandika ukurasa huu tulisomea ualimu, na chaki bado imo vidoleni mwetu. Si siri kwenu kwamba kabla ya mtihani, katika shule nyingi, kunakusanywa pesa ambayo haina risiti. Huitwa pesa ya kituo, au ya kuwapokea wageni, au huitwa kwa jina lolote ambalo halitatia aibu. Siku ya mtihani majibu yanaingia kwa simu au kwa kikaratasi, na msimamizi anatazama dirishani kana kwamba mawingu ni mageni kwake. Ziko shule safi, na ziko zenye prefe wa masomo aliyekataa akachukiwa. Tunawapa heshima yao. Tena wako wasichana walioombwa kitu kingine badala ya fedha ili alama zao zipande, na hao kwa kawaida hawaombwi kusoma hotuba.

Tunajibiwa nini tukisema haya? Kwamba wote wanafanya hivyo. Kwamba maskini akikataa peke yake, yeye ndiye atakayeanguka, na mtoto wa tajiri atapita. Kwamba mwalimu hana mshahara wa kutosha. Jibu la pili lina uzito, na hatutalipuuza. Kijana mmoja akisimama peke yake, anaumia. Ndiyo maana hatuandiki kwa kijana mmoja, tunaandikia vikundi. Kumi wakikataa pamoja, na katekista na wazazi wakiwa nyuma yao, anayekusanya hana tena wa kumtisha. Lakini jibu la tatu ni la kupotosha. Pesa ya kituo haimfikii mwalimu wa kemia aliyefundisha mwaka mzima bila maabara na bila kitabu. Inapita juu ya kichwa chake.

Wala isisemwe kwamba hayo ni mambo ya Serikali. Tangu mapatano ya 1977, Kanisa linasimamia sehemu kubwa ya shule za nchi hii. Nyingi za shule tunazozizungumzia zina jina la mtakatifu juu ya mlango.

Tarehe 2 Februari 2023, katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, Papa Fransisko alizungumza na vijana pamoja na makatekista. Aliwahesabia vidole vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, utumishi. Alipofika kwenye uaminifu alimtaja Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyeuawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Uwanja mzima ulipaza sauti pamoja naye kuikataa rushwa. Tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Picha yake sasa iko kwenye fulana zenu, na ni vizuri. Je, mmeuliza alifanya nini? Alikuwa mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa. Ulipoletwa mchele ulioharibika alikataa kuupitisha, akakataa na fedha aliyopewa, kwa sababu aliwafikiria watu ambao wangeula.

Diploma iliyonunuliwa ni mchele wa namna ile. Inapita mpakani ikiwa na muhuri mzuri, na kuna watu watakaoila. Tunawaona kila Septemba: kijana mwenye diploma ya pedagogia anapewa darasa la nne, na hawezi kugawanya sehemu kwa sehemu ubaoni. Watoto hamsini wanamtazama. Wao ndio wanaokula, na wengi wao ni watoto wa mama yule anayeuza ndizi.

Basi Misa na iwepo. Tunaomba tu asilimia zisisomwe. Katika sala za waamini yatajwe majina ya wale mlioanza nao, jina moja moja, na wakati wa matoleo yule msichana apande pamoja nanyi na mtoto wake mgongoni. Anayejua moyoni kwamba alama zake zilinunuliwa aende kwanza kwa padri katika kitubio, na likizo hii akae na wanaojua, ajifunze alichodai kukijua; Zakayo hakutoa hotuba, alianza kurudisha. Ninyi mtakaokuwa wafinalisti mwaka ujao, kutaneni na kamati ya wazazi kabla ya shule kufunguliwa, mkatae mchango wowote usio na risiti, nasi tutaketi pamoja nanyi.

Lakini majina hayawezi kutajwa kama hakuna anayejua watu wenyewe wako wapi. Anayejua njia ya kwenda kwao ni yule aliyekaa nao benchi moja. Aende juma hili, kabla ya mazoezi ya nyimbo.