Sabufa yako ni jiko, mshikaji!

Wiki hii tuhamie Ndalambo, kule Momba, mkoa wa Songwe. Mahindi yakishavunwa, harusi zinafuatana, na harusi bila muziki mnene hiyo ni kikao cha ukoo. Kijana mwenye amplifaya moja na spika mbili za kukodisha ndiye bosi. Huyo ndiye nina maneno naye, maana mtaji wake wote unaning'inia kwenye waya mwembamba wa shaba.

Gusa sumaku ya spika baada ya saa tatu za kurindima. Moto! Wengine wanasema spika feki, wengine umeme mkubwa. Wapi! Spika zote ndivyo zilivyo. Ukiipa wati 100, zinazotoka kama sauti ni 1 au 2, zile za kazi nzito labda 5. Zilizobaki zote ni joto. Ndani kuna koili, waya uliozungushwa kwenye mwanya wa sumaku. Umeme ukipita humo waya unaubania, na unachemka kama wa pasi. Ikibanwa sana koili inafika nyuzi 200.

Sasa utamu uko hapa. Shaba ikipata moto inazidi kuubania umeme. Waya wa ohmu 6 ukiwa baridi, kwenye nyuzi 200 unapita ohmu 10. Ndiyo maana saa 6 usiku muziki unapoa wenyewe, na DJ wetu, badala ya kushtuka, anaongeza volumu. Hapo anachochea kuni! Mpe MC maiki dakika tano, koili ipumue. Sumaku yenyewe inachelewa kupoa, kwa hiyo usirudi na mbio zile zile.

Na usidhani amplifaya ndogo ni salama. Ikikamuliwa kupita uwezo wake, mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakwaruza, na nguvu inayoingia kwenye koili inaweza kukaribia mara mbili. Twita ndiyo inatangulia kufa.

Nyie wa sabufa za sebuleni msicheke. Boksi limeandikwa wati 2000 PMPO, geuza nyuma uone inakula wati ngapi kutoka ukutani. Kama ni 60, hizo 2000 ni porojo za dukani. Halafu mnaibana ukutani na kuifunika kitambaa cha kufuma, wakati amplifaya imo humo humo ndani na lile bati la nyuma ndilo pua yake. Kitambaa kizuri, sikatai, kiwekeni kwenye kochi.

Ukisikia harufu ya vanishi inayoungua, zima hapo hapo, hata kama bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. Shangazi zake wanaweza kuimba. Koili ikishakata, kesho asubuhi uko Tunduma kwa fundi, na pesa ya harusi inaishia kwake.