Muuguzi wa Ambulensi Apewe Mamlaka ya Kuamua

Muuguzi anayemsindikiza mgonjwa wa rufaa kutoka zahanati ya kijijini hubeba mzigo ambao wengi hawauoni. Watu husikia king'ora, huona gari likikimbia, wakadhani kazi ni mwendo tu. Kumbe kabla gari halijatoka getini ameshatakiwa kuamua: waondoke sasa hivi au aanze dawa kwanza? Waishie kituo cha afya kilicho jirani, au wapitilize hadi hospitali ya mkoa kwa kuwa hapo jirani hakuna damu wala chumba cha upasuaji? Hana picha ya tumboni wala majibu ya maabara. Ana mapigo ya mshipa, rangi ya midomo, ubaridi wa viganja na maelezo ya ndugu waliochanganyikiwa.

Kifafa cha mimba kinaonyesha ugumu huo vizuri. Mama akianza degedege, ndugu hupiga kelele gari liondoke. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza tangu mwaka 2011 kwamba pale ambapo matibabu kamili ya magnesiamu salfeti hayawezekani, mama apewe dozi ya kwanza, kisha asafirishwe mara moja. Kwa hiyo anayewasha gari bila kuchoma sindano hajaokoa muda wowote. Utafiti mkubwa wa Magpie, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mama mwenye dalili za awali kufikia degedege. Hata hivyo dawa yenyewe inatisha, maana ikizidi hudhoofisha upumuaji. Muuguzi aliye peke yake, usiku, bila daktari wa kumuuliza, ana sababu ya kusita. Na akisita, atalaumiwa. Akichoma na mambo yakaharibika, atalaumiwa pia.

Dawa ya kusita huko ni mwongozo ulio wazi pamoja na ruhusa ya kuufuata, na ushahidi wake umepatikana hapa hapa nyumbani. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Kwa miaka mingi wakunga walikadiria kwa macho damu inayotoka baada ya kujifungua, na macho mara nyingi hupunja. Katika utafiti huo, mama aliwekewa mfuko wenye alama za vipimo. Damu ikifika mililita 500, mkunga alianza yote kwa mpigo: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kutafuta chanzo cha damu. Dalili nyingine za hatari zikijitokeza, hakusubiri hata kiwango hicho. Idadi ya waliovuja damu kupita kiasi, waliohitaji kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo au waliofariki kwa kuvuja damu ilipungua kwa asilimia 60. Wakunga hao walikuwa na ujuzi ule ule wa wenzao. Miongoni mwa walivyoongezewa ni kipimo, mafunzo ya namna ya kukitumia, na mwongozo wa hatua za kuchukua kwa mpigo.

Tanzania inayo mbegu ya mfumo wa namna hiyo. Kupitia m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, simu ya bure kwa namba 115 humfikia mtoa huduma anayeuliza maswali kwa mpangilio, akapima uzito wa hali na kuamua mgonjwa aende wapi. Ambulensi ikikosekana, dereva wa jamii hupewa safari na kulipwa. Ni mpango wa kujivunia kwa dhati. Lakini umewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja naye anahitaji mtu wa kumwamulia kwa utaratibu kama huo.

Kijana huyo, akikutwa amelala barabarani na harufu ya pombe, anaweza kupachikwa jina la mlevi huku damu ikivuja ndani ya fuvu, au sukari yake ikiwa imeshuka vibaya. Kipimo cha sukari cha tone moja la damu kingejibu nusu ya swali hilo kwa dakika moja. Badala yake swali la kwanza mara nyingi huwa PF3 iko wapi, karatasi ya polisi ambayo ni ya ushahidi na haimpi mgonjwa hata tone la dripu.

Kisha kuna fedha. Oktoba 2015 jijini Nairobi, majeruhi wa ajali mwenye jeraha la kichwa alizungushwa na kusubirishwa ndani ya ambulensi kwa saa 18, kukiwa na madai ya amana na ukosefu wa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, ilikuwa tayari inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa kituo chenye uwezo kinachokataa. Mhudumu wa ndani ya gari anaweza kuamua sawasawa kabisa, lakini uamuzi wake hauna kazi kama lango litafungwa.

Wapo wanaosema ni hatari kumpa muuguzi mamlaka makubwa hivyo. Hoja hiyo inasahau kwamba tayari anaamua kila siku, ila anaamua gizani. Wala si lazima aamue peke yake: Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mabingwa wa fani hiyo wamezaliwa pale. Ni wachache na wengi wako mijini, lakini simu inawafikia.

Wizara ya Afya iandike mwongozo wa ukurasa mmoja kwa kila dharura kuu, wenye dozi, na ubandikwe ndani ya kila ambulensi. Kila mkoa uwe na daktari wa zamu wa kupokea simu za walio safarini. Hospitali iliyopigiwa ipokee mgonjwa kwanza, karatasi na malipo yafuate. Na muuguzi aliyefuata mwongozo huo kwa nia njema alindwe na mwajiri wake, hata mgonjwa akifia njiani.